Nyeupe

Saa kumi na moja na nusu, soko la Kiloleni,
kabla matoroli hayajaanza kugombea njia,
natandika meza yangu karibu na bomba:
mkasi, vichupa, saa iliyokatika mkanda
na kadi ndogo kuliko tiketi ya treni.

"Lete jani la nje," nasema, "lililopokea dawa.
Usinichagulie teketeke kama unakwenda kuposa."

Nakatakata, natia maji ya kipimo, natikisa.
Matone mawili kwenye duara jeupe.
Humo kimelala kimeng'enya,
ndugu wa kile kilichomo mishipani mwetu,
kinachouambia mkono: basi, tulia.
Dawa ikikikuta, inakiziba kinywa.
Dakika kumi. Kisha naikunja kadi,
naibana kwa vidole viwili, dakika tatu,
naipa joto langu
kama kuku asiye na haraka.

Ikiwa bluu, uza. Ikibaki nyeupe, ni sumu.
Watu hawajazoea. Tumekuzwa nyeupe ni usafi,
tukaisahau sanda.
Ngasa wa matembele alipoona bluu
alianza kukusanya mafungu yake, akidhani kafungiwa.

Leo zamu ni ya Nyanzala binti Mihayo.
Mchicha wake ndio ulionisomesha:
mwaka mzima chuoni, fungu kila Jumamosi,
"utalipa ukiajiriwa." Sijalipa.

Majani mapana, hayana tundu hata moja.
Ningeshtuka hapo hapo. Mdudu kakataa,
mimi nameza mate.

Nafungua.
Nyeupe.
Narudia; pengine ni vidole, kipupwe hiki.
Nyeupe, kama jino la mtoto.

"Mlipiga lini?"
"Juzi jioni. Shija alibakiza ile ya tumbaku,
iko kwenye chupa ya soda, haina maandishi."
Anasema wazi, kama mtu anayetaja bei.

Bwana afya anasogea na kiroba chake.
Mafungu arobaini na moja. Nahesabu naye,
maana kuhesabu ni afadhali kuliko kumtazama.
Wauza nyanya wanazipanga upya nyanya
zilizokwisha kupangwa.

Nangoja anitukane. Nina deni, nastahili.
Yeye anafuta mikono kwenye kanga,
anapindua ndoo yangu, anaikalia,
ananinyooshea kidole kile cha pete
kama mtoto anayepimwa malaria.

"Jana tulikula haya haya. Shija aliongeza sahani.
Tangu msimu wa tumbaku mkono wake unatetemeka,
chai inamwagika hadi mkekani,
tunasema ni baridi.
Hiyo kadi yako, mwanangu,
inapima na mtu?"