Jua la Aberdeen

Mkunga Eilidh alimgeuza, akasema rangi yake njema.
Mimi nilishayaona macho:
weupe wake umeingia bizari.
Wakamtoboa kisigino.
Mia tatu na kumi.

Simuni, Bi Mwanakhamisi: "Mtoe juani asubuhi,
kabla halijawa kali."
Jua gani, mama? Januari hapa
linachungulia saa tatu kasoro,
saa kumi limeshaaga,
na katikati ni ukungu mtupu.

Basi wakamlaza chini ya taa ya buluu,
nepi tu mwilini, macho kafungwa kitambaa
kama anayehesabu kwenye komborela.
Kila saa tatu nilipewa nusu saa:
nimnyonyeshe, nimnuse, nimrudishe.
Muda uliobaki nilipenyeza mkono tunduni,
akanishika kidole,
ngozi zetu zote buluu,
humjui mgonjwa ni nani.

Usiku wa tatu Eilidh kaja na karatasi.
Mia na sabini.
"Samahani," akasema, "mimi niliangalia ngozi."
Akazima taa.

Shomari akarudi kahawia, kahawia ya babu yake,
na nepi imejaa, nzito, rangi ya haradali.
Nikaifungua polepole,
kama zawadi.