Macho Mezani

Alhamisi Sabela anatimiza sabini.
Uxía, bintiye, kaegemeza simu kwenye bakuli la mayai,
kidole kinapekua pwani nzima ya Galisia:
hii ina bwawa la maji moto,
hii kifungua kinywa mpaka saa tano,
hii, mama, ona, kitanda kinaitazama bahari.

Mama anamenya viazi.
Ganda refu linashuka, halikatiki.
"Na kile kiwanda cha makopo?"

Siku hizi ni nyumba ya wageni.
Chokaa mpya, mapazia ya kitani,
harufu ya samaki imeoshwa,
au ndivyo wanavyodai.
Bei ya usiku mmoja
ni ujira wake wa miezi minne, enzi zile
akipanga dagaa, kichwa kwa mkia,
na msimamizi akipita nyuma yake:
Macho mezani!

Miaka kumi na tisa kando ya dirisha.
Bahari aliijua kwa kisogo.

"Waulize chumba cha pembeni, ghorofani.
Meza yangu ilikuwa hapo.
Nataka nisimame palepale
nitazame nje mpaka chai ipoe."

Uxía anabonyeza. Usiku mmoja?

"Miwili.
Wa kwanza huenda pakawa na ukungu."