Ishirini na Tatu

Nilikuwa natafuta vifungo vya koti la Lasha
kwenye droo ya cherehani,
mkono ukagusa ngozi baridi.
Zenit. Mkoba wake umefumuka ubavuni,
na mimi, fundi wa nusu ya makoti ya Kutaisi,
nimeuacha mshono huo miaka thelathini!

Kidirisha cha namba kimegota: ishirini na tatu.
Zilibaki picha kumi na tatu,
kama watu waliopanga foleni
duka likafungwa.

Mashine ya kukuzia tuliiuza msimu ule wa baridi
kwa unga nusu gunia na mafuta ya taa.
Umeme haukuwepo. Mji mzima chumba cha giza,
giza la bure, la kusafishia picha za dunia nzima,
na hatukuwa na tone la dawa.
Nikafunga mkoba.
Sikusema nimeacha. Nilisema kesho.

Sasa ananifundisha Salome wa ghorofa ya tatu,
miaka kumi na tisa, kipini puani.
Mkanda wa kwanza ulitoka mtupu:
meno hayakuushika,
siku nne sokoni nilipiga hewa
nimejaa fahari.
Eteri muuza jibini alijifunika uso bure.
“Piga jibini,” alisema, “mimi sijachana nywele.”

Kisha theluji ikaanguka.
“Bebia, kamera haiamini weupe,
kila cheupe yenyewe hukiita majivu.
Iongezee mwanga. Bado. Ongeza tena.”
Nikaongeza, mkono ukisita kama anayetia chumvi
kwenye chungu cha mwenzake.
Kumbe!
Theluji zangu zote za ujana zilikuwa za kijivu
na mimi nililaumu karatasi.

Ule mkanda wa zamani tuliusafisha bafuni kwao,
nimekaa ukingoni mwa beseni, nahesabu dakika kwa sauti.
Ishirini na mbili, ukungu.
Moja imebaki na kitu: dirisha letu la zamani,
mvuke wa chai, kiwiko cha mtu.
Cha Avtandil? Changu kiooni?
Nimekitazama kwa kioo cha kukuzia
mpaka macho yakalia maji.
Kilicho wazi, uzi kwa uzi, ni pazia.
Nilikuwa nimelenga pazia.
Nilikuwa nimelishona wiki ile.

Salome hakusema neno. Aliutundika mkanda
kwa vibanio vya nguo, juu ya soksi za baba yake.

Leo nimeurudisha mshono wa mkoba
kwa uzi mweusi, mara mbili.
Namba nimeizungusha kwa ukucha hadi sifuri.
Vifungo sijaviona,
Lasha bado anafunga koti kwa pini.

Njoo hapa, namwambia, karibu na dirisha.
Hapana, usitabasamu.
Kiwiko kiweke hivyo hivyo.
Ngoja kwanza nipime.