Pamba

Bweni la Chang'ombe, saa mbili usiku.
Kopo langu la vidonge nalishindilia pamba
lisicheze, lisiseme.
Navimeza vikavu, nyuma ya mlango wa choo.

Sikudhani, wa kitanda cha juu,
hakuniuliza kitu.
Jumatatu alishuka na kopo la maziwa ya unga,
ndani punje za bisi zilizogoma kupasuka,
akalitikisa: cheke, cheke, cheke.
"Saa mbili hiyo. Maji haya hapa."

Wiki ya pili, kila kitanda kina kopo.
Matroni mlangoni, kanga kifuani:
"Ngoma gani hii, nyie?"
Neno lile lile walilonitupia Tandika, bombani.
Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Pamba?
Nilimpa matroni, azibe masikio.