Mshororo wa Nne

Miaka kumi na tisa niliendesha lori la maziwa
katika bonde la Aisilandi lenye mashamba saba
na theluji isiyobisha hodi.
Nilibeba lita elfu mbili na beti mbili tatu,
maana Ketil na Torfi, ndugu wa tumbo moja,
walikuwa hawasemezani tangu uzio uhame
(au usihame, inategemea umemuuliza nani).
Hawasemezani, ila wanatungiana.
Huyu ananipa karatasi, yule ananipa jibu,
na mimi katikati, nanuka mtindi.

Usicheke. Kwetu meneja wa benki akikudai
anakudai kwa vina, ili mwanao ausikie ubeti shuleni
nawe ulipe kwa aibu.
Mbunge mmoja aliangushwa na ubeti mmoja
uliohusu viatu vyake vipya.
Sera zake hakuna anayezijua; viatu tunavyo hadi leo.
Na Sigtrygg, mume wangu, siku aliyoniacha
alibandika ujumbe kwenye birika, nathari tupu:
nimekwenda kusini, funguo ziko koponi.
Niliusoma mara mbili nikitafuta mizani.
Ndipo nikajua harudi.

Februari moja lori liliteleza likaingia mtaroni.
Nilipochimbuka, ubeti wa Ketil ulikuwa umelowa mfukoni.
Mishororo mitatu ilisomeka:

*Kondoo wako wavuka, uzio wameubwaga,
Na ng'ombe wangu wacheka, maziwa wanayamwaga,
Msumari wautaka? Sema basi, acha woga,*

wa nne ulikuwa doa la buluu.

Ningesema umepotea. Ni kweli ulipotea.
Lakini Torfi alisimama mlangoni bila kofia,
mkewe hajatimiza mwezi kaburini,
mkono ameshaunyoosha
kama mtoto anayengoja peremende.
Mama alinifundisha kuhesabu mizani
kwa mishono ya soksi, nane, vuta, nane, geuza;
vina hakuwahi kunifikisha, alikufa soksi iko kisiginoni.
Nikasoma mitatu. Kwenye ukingo wa karatasi nikaruka:

*Ndugu yangu, nimechoka, mlango sijaufunga.*

Torfi akavuta ugoro. Akapiga chafya.
"Bwaga," akasema. "Mwaga. Woga. Halafu *funga*?"
Nilitazama matairi.
"Ketil hajakosa kina tangu tukilala kitanda kimoja,
hata alipovunjika mguu alilia kwa vina.
Huyo mtu ni mgonjwa."
Akachomeka miguu katika viatu vya mpira, cha kushoto kulia,
akakata uwanda mweupe, akauvuka ule uzio
ambao hakuugusa kwa miaka kumi na mmoja
isipokuwa kwa tusi.

Nilibaki na maziwa yanayoanza kuganda.

Ketil alikuwa mzima kabisa, anakaanga mayai.
Sijui waliambiana nini kwanza.
Najua kufikia adhuhuri walishagundua ni nani
aliyelegeza kina, wakanicheka hadi wakaunguza sufuria,
na tangu siku hiyo bonde zima, hata kasisi,
huniita Hallbera Guni.
Uzio haukurekebishwa. Kondoo walizoea.

Miaka minane baadaye Ketil alikufa kweli.
Torfi akisafisha droo aliikuta nakala, kwa penseli,
akaniletea kwenye maegesho ya kanisa,
akaigeuza ili nione, bila kuiachia.
Mshororo halisi wa nne ulikuwa matusi,
matusi ya kunyoosha, ya kumkata mtu maini,
na mjane mpya yule angeyasoma peke yake
siku ile, mlangoni, bila kofia.
"Kina safi," Torfi akasema,
sauti yake kama mtu anayesifu farasi aliyemuua jirani.
Akaikunja, akairudisha mfukoni.

Kwenye jiwe la kaburi alichongesha ule wangu.
Fundi alipiga simu mara mbili
kuuliza kama tuna hakika na zile herufi.