Nanogramu Kumi na Moja

Saa nane usiku mashine ikatema karatasi:
kumi na moja.
Nikafuta miwani, nikasoma tena.
Kumi na moja, Dodoma hii,
ambako saa saba mchana paka hakanyagi bati,
ambako mlenda ukianikwa asubuhi, adhuhuri wasagika,
na zabibu za Hombolo hunywa mwanga
zikalewa kabla yetu.

Chupa iliandikwa: Nyemo, miezi kumi na minne,
kitanda cha tatu. Anapumuliwa.

Mama yake, Sechelela, yuko koridoni,
kandambili mkononi,
kama aliyeambiwa avue akasahau kuvaa.
Anauza uji wa ulezi stendi tangu saa kumi na moja alfajiri
(nayo pia ni kumi na moja).
Mtoto hubaki Nkuhungu, chumba cha dirisha moja,
dirishani kanga, kanga kwa sababu ya vumbi,
vumbi kwa sababu ya kifua,
na kifua ndicho kilichomleta hapa.

Daktari Chilewa alipiga simu: "Ngapi?"
Nikamwambia. Akanyamaza.
Ana daftari la watoto arobaini na mmoja,
safu mbili za wino wa bluu:
huku namba ya jua, huku uzito wa ugonjwa.
Moja ikishuka, nyingine hupanda,
kama ndoo mbili za kamba moja kisimani.
"Ila sijui nani anamvuta nani," akasema.
"Upungufu ndio uliofungua mlango,
au ugonjwa uliingia, ukaketi, ukala akiba yote?"

Nilipotoka, Sechelela akasimama.
"Nimesikia damu yake haina jua.
Ni ile kanga?"
Ningesema si wewe, ningedanganya kwa huruma.
Ningesema ni wewe, ningedanganya kabisa.
Nikasema: "Vaa kandambili, mama. Sakafu ni baridi."

Saa kumi na mbili na nusu
nilipeleka karatasi kitanda cha tatu.
Jua lilikuwa limechomoza bila haya,
limepita kioo, limetua
kwenye mguu mmoja uliotoka nje ya shuka,
mdogo, wenye plasta, kisigino kama mbegu ya ubuyu.
Najua kioo hupitisha joto na mwanga,
kisha hukizuia nje kile tunachokitafuta.
Nililisoma hilo chuoni, nikalijibu kwenye mtihani.

Hata hivyo
sikuufunika.