Yaja?

Karavani ya Athman Shebwana haijasafiri popote.
Aliinunua mnadani, bandarini, mwaka aliostaafu kreni,
akaivuta hadi Shanzu kwa lori la kukodi,
akaiegesha uani baina ya tangi na kamba ya nguo,
magurudumu yakazama mchangani
kama nyayo za mtu aliyeghairi.

Miezi mitatu sasa analala humo.
Sababu sikuuliza; mimi ni fundi wa mabomba.
Alipiga simu: "Nyevu, shawa yangu ya nje haitoi,
inadondoa tu, kama pua ya mtoto."

Nikaanzia mwishoni, ndivyo nilivyofunzwa:
pale maji yanapotakiwa, si pale yanapotoka.
Nikafungua kichwa cha shawa. Vitundu vimeziba,
chumvi ya kisima, nyeupe, ngumu kama ukoko.
Nikakiloweka kwenye siki nusu saa.
Kikasafika. Nikakirudisha.
Matone.

Nikashika kiungio, kile cha kubonyeza kikalia tki,
shaba ya ughaibuni, si nusu inchi wala robo tatu,
kitu cha katikati,
kama mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni.
Washa yake imelika, imebaki uzi.
Mwembe Tayari hawana. Kongowea walinicheka.
Chini ya kitanda cha karavani nikaona ndara ya kike,
buluu, mguu wa kushoto, soli nene.
Nikatoa kisu.
"Hiyo hapana," akasema Athman,
akavua yake.

Nikakata duara, nikatoboa kati.
Tepu nyeupe, mizunguko saba kufuata saa,
kaza kwa mkono, kisha spana, robo mzunguko,
ukizidisha unapasua.
Kiungio kikawa kikavu.
"Yaja?" nikauliza.
"Hayaji."

Basi nikaufuata mpira.
Mita ishirini na mbili za mpira wa kijani,
chini ya kamba ya nguo, nyuma ya banda la kuku,
nikiuminya kila hatua
kama daktari anayetafuta uchungu: hapa? hapa?
mpaka ukuta wa nyumba, mpaka dirisha la jikoni,
ambako bomba la Bi. Barke limefunguliwa mpaka mwisho.
Limefunguliwa, nasema. Nililishika kwa mkono wangu.
Ila hatua moja tu kutoka bombani, juu ya mpira,
limekaa jungu la mwasumini.
La saruji. Kulibeba ni watu wawili.

Barke alikuwa akigeuza vibibi, hakuinua macho.
"Liko hapo tangu lini?"
"Jumapili. Linapata jua zuri."
"Na ulilifikishaje peke yako?"
"Nilikuwa na hasira."

Ningeweza kuwaita vijana wa mkokoteni.
Ningeweza kuukata mpira, kuunga upya, kuupitisha kwingine;
nimezungusha mabomba kwenye magomvi makubwa zaidi ya hilo.
Nikakaa juu ya ndoo, nikaandika risiti:
siki, tepu, kazi.
Washa sikutoza, ndara ilikuwa yake.
Nikamwambia, upande wako umekwisha, mzee.
Kilichobaki kiko jikoni, na ni kizito.
Akasimama na taulo begani,
ndara moja mguuni, nyingine ina tundu,
akilitazama dirisha kama linatoza kiingilio.

Nilikuwa langoni nafunga sanduku kwenye pikipiki
niliposikia saruji ikikwaruza saruji,
mtu akihema, mtu akisema "upande huo, siyo huo,"
kisha kimya, kisha mpira ukakohoa hewa.
Nyayo mbio mbio, moja ikiburuta.
Maji yakapiga ubavu wa karavani.

"Yaja?"
Sauti ya kike, kutoka dirishani.

Alichelewa kujibu.
Nadhani alikuwa na sabuni machoni.